Usimwambie "Shukuru Mungu", Mrudishie Kidole

Haya jamani, nimekuwa kimya hapa kibarazani kwa wiki kadhaa. Mlioniuliza kama nimeacha kuandika, asanteni kwa kujali, sijaacha. Nilikuwa na hasira, na mwalimu wangu mmoja chuoni alituambia mwandishi akikasirika aandike, alale, kisha asome tena asubuhi alichoandika. Nimelala mara nyingi. Hasira bado ipo. Kwa hiyo leo naiandika.

Naanza kwa kukiri kosa. Mwaka wangu wa kwanza gazetini niliandika habari ya kijana aliyepoteza vidole vitatu kwenye mashine kiwandani. Ilitoka ukurasa wa ndani, aya mbili, chini ya tangazo la magodoro. Sikumtafuta yule kijana. Sikuuliza ni mkono gani. Niliandika kwamba "hali yake inaendelea vizuri", kwa sababu ndivyo tunavyoandika, kisha nikaenda kula chipsi mayai.

Miezi michache baadaye ikapigwa simu ya nyumbani. Safari hii aliyekatwa alikuwa Kaka.

Kaka ni mtoto wa mama mkubwa, lakini mimi namhesabu tumbo moja. Ni seremala. Ada yangu ya kidato cha tano na cha sita ilitoka kwenye vitanda na makabati aliyoyaranda yeye. Siku hiyo alikuwa anapasua ubao kwenye msumeno wa mashine. Ile kinga inayofunika meno ya msumeno ilishatolewa zamani, eti inachelewesha kazi. Ubao ulikuwa na fundo, ukaruka, mkono ukafuata. Gumba la mkono wa kulia likaenda.

Vijana wa karakana walikiokota kidole kwenye vumbi la mbao. Wakakizika nyuma ya banda, kwa heshima zote. Wao waliona wanatenda lililo jema, na siwalaumu. Hospitali walimsafisha, wakamshona, wakamchoma sindano ya pepopunda, na daktari mpole kabisa akamwambia: "Shukuru Mungu, ungeweza kupoteza mkono mzima." Bosi wake alikuja na laki mbili na mfuko wa unga. Naye akasema shukuru Mungu. Mwezi uliofuata, kwenye ule msumeno alikuwa amesimama kijana mwingine.

Hakuna mtu hata mmoja, narudia, hata mmoja, aliyemwambia Kaka kwamba kuna upasuaji unaochukua kidole cha mguu na kukifanya gumba la mkono.

Wewe unayesoma hapa, umemaliza chuo, una simu yenye intaneti kuliko maktaba ya shule uliyosoma. Ulikuwa unajua? Mimi sikujua. Nimejua miaka mitatu baada ya ajali, usiku mmoja nikisoma mambo mengine kabisa. Kesho yake nikampigia Kaka. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Mdogo wangu, kwa hiyo siku zote hizi nilikuwa nakitembelea?"

Hilo swali ndilo lililoninyima usingizi.

Kabla hujacheka (najua wapo wanaocheka, nimeshawasikia ofisini: "dole la mguu mkononi, si litanuka soksi!"), hebu fanya jaribio dogo. Lifunge gumba lako la kulia kwa plasta, likae limelala kwenye kiganja. Halafu fungua kifungo cha shati. Shika kalamu. Hesabu noti za elfu. Zungusha ufunguo mlangoni. Kamata msumari ili uupige. Kisha kaa mbele ya sahani ya ugali, ukate tonge, uliviringe, na ulibonyeze katikati ili lichote mchuzi. Utakuta huna cha kubonyezea.

Wahenga hawakusoma udaktari lakini walilijua hili. Walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Tunaitumia methali hii kwenye hotuba za ushirikiano mpaka tumesahau inasema nini hasa: ili uvunje chawa lazima vidole viwili vikutane, na cha pili ni gumba. Vidole vinne bila gumba ni reki. Vinaweza kuvuta na kukuna, lakini kushika havishiki. Ndiyo maana madaktari wa mikono wamezoea kukadiria kwamba gumba peke yake linabeba karibu asilimia 40 ya kazi za mkono.

Kaka sasa anakula kwa kijiko. Utasema ni jambo dogo. Nenda naye msibani uone. Sinia linawekwa, watu wananawa, wanasogea, na mwanaume wa watu anainua sauti kuomba kijiko kama mgeni wa kizungu. Siku hizi haendi misibani. Anatuma rambirambi kwa simu.

Na hata hiyo simu ina kisa chake. Ulipokuja usajili wa laini kwa alama za vidole mwaka 2019, yule wakala alimwambia, "Mzee, weka dole gumba." Akalitafuta kichwani kwa sekunde moja, kisha akatoa mkono wa kushoto.

Haya, tuingie kwenye hoja. Upasuaji wenyewe ukoje?

Mgonjwa analazwa kwa nusu kaputi. Timu moja ya madaktari inafanya kazi mguuni, nyingine mkononi, kwa wakati mmoja. Wa mguuni wanakitoa kidole pamoja na mshipa wake wa damu inayoingia, mishipa ya damu inayotoka, mishipa ya fahamu na kano zake, kama fundi anayeng'oa betri bila kukata waya hovyo. Wa mkononi wanatafuta ncha za vitu hivyo hivyo kwenye jeraha. Kisha wanaunganisha: mfupa kwa mfupa, wanaushika kwa waya au skrubu, kano kwa kano, na mwisho, chini ya hadubini, mshipa wa damu kwa mshipa wa damu. Mishipa hiyo ina upana wa milimita 1 au 2 hivi. Uzi wake ni mwembamba kuliko unywele wako. Wakifungulia damu, kidole kilichokuwa cheupe kama mshumaa kinarudi rangi.

Baada ya hapo wauguzi wanakichungulia kila mara, mchana na usiku, kwa sababu damu ikiganda ndani lazima mtu arudishwe haraka chumba cha upasuaji. Mishipa ya fahamu inaota polepole, kiasi cha milimita 1 kwa siku, kwa hiyo hisia zinachukua miezi kurudi. Na ni lazima mazoezi, mengi. Kwenye vituo vyenye uzoefu, zaidi ya vidole 90 katika 100 vinavyohamishwa hupona na kufanya kazi.

Mguu je? Mtu akitolewa kidole cha pili, anatembea kama kawaida, na akivaa viatu hujui. Akitolewa dole gumba la mguu, anapoteza kidogo nguvu ya kujisukuma mbele, hasa kwenye kukimbia, lakini anatembea. Daktari anachagua kulingana na mkono unavyohitaji na kazi ya mtu. Na habari njema kwa akina Kaka wote: si lazima ufanyike siku ile ile. Unaweza kufanyika hata miaka baada ya ajali.

Sasa nasikia sauti ile tuliyoizoea. "Ndugu mwandishi, hayo ni mambo ya Wazungu matajiri. Sisi bado tunahangaika na malaria."

Tulia hapo hapo. Nitakujibu kwa historia, kwa sababu historia ndiyo iliyonikasirisha zaidi.

Wazo lenyewe ni la zamani. Carl Nicoladoni wa Austria alilifanya mwaka 1898 kwa mtoto mdogo, na kwa kuwa hakukuwa na namna ya kushona mishipa midogo ya damu, mkono wa mtoto ulifungwa kwenye mguu wake kwa wiki kadhaa mpaka kidole kikashika upande wa pili. Miaka ya 1960 Harry Buncke, daktari wa Marekani, alijifunza kushona mishipa midogo kwenye maabara aliyoitengeneza ndani ya gereji ya nyumbani kwake. Gereji, jamani. Mwaka 1965 huko Nara, Japani, Komatsu na Tamai walirudisha gumba lililokatika kabisa. Mwaka 1968 John Cobbett, Mwingereza, alimpa mgonjwa dole gumba la mguu liwe gumba la mkono.

Lakini hao wote, kwa kuhamisha kidole cha mguu cha binadamu kwa njia hii ya kushona mishipa, walitanguliwa. Na nani? Na Shanghai. Februari 1966, Yang Dongyue na wenzake walichukua kidole cha pili cha mguu wakakifanya gumba. Katika mji huo huo, mwaka 1963, timu ya Chen Zhongwei ilikuwa imemrudishia mfanyakazi wa kiwanda mkono wake uliokatwa na mashine.

China ya 1966 haikuwa tajiri. Ilikuwa nchi ya wakulima maskini, imetoka kwenye njaa mbaya miaka michache tu nyuma. Ila ilikuwa na viwanda, na viwanda vilikuwa vinakata mikono ya wafanyakazi, na kuna watu walikataa kuwaambia wafanyakazi hao washukuru tu.

Sasa unganisha na kwetu. Mwaka 1968, miaka miwili baada ya kidole kile cha Shanghai, China hiyo hiyo ilitusaidia kufungua kiwanda cha nguo cha Urafiki pale Ubungo. Mwaka huo huo madaktari wa Kichina walianza kuja Tanzania Bara; Zanzibar walishafika tangu 1964. Kisha ikaja reli ya TAZARA. Kwa hiyo mwalimu wetu wa viwanda alikuwa ndiye mwalimu wa dunia katika kurudisha mikono. Somo lilikuwa na sehemu mbili. Tukapokea mashine, sehemu ya pili hatukuiulizia.

Angalia na Taiwan. Nchi ndogo, ikajaza viwanda kwa kasi, na mikono ya wafanyakazi ikalipa. Lakini mwaka 1976 tajiri wa plastiki, Wang Yung-ching, alianzisha hospitali ya Chang Gung, na hapo daktari Fu-Chan Wei na wenzake wakafanya upasuaji huu kwa mamia na mamia ya watu, mpaka madaktari kutoka Ulaya na Marekani wakawa wanapanda ndege kwenda kujifunza kwao. Fedha za viwandani zilirudi kwenye mikono ya watu. Wangapi kati ya matajiri wetu wa viwanda wamefikiria hivyo? Wanafadhili mashindano ya urembo, na tunawapiga picha.

Usiniambie Mwafrika hawezi. Januari 2018, Nairobi, madaktari wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta walimrudishia kijana wa miaka 17 mkono uliokatwa na mashine ya kukatia majani ya ng'ombe. Walishona mfupa, kano na mishipa kwa masaa mengi, na mkono ukapata damu. Anayeweza kurudisha mkono anaijua kazi ya kuhamisha kidole, ni ufundi ule ule. Madaktari wa upasuaji wa namna hii wapo Afrika Mashariki, na hapa kwetu pia wapo. Ninachokiuliza ni kwamba, kati ya seremala aliyekatwa na daktari anayeweza kumsaidia, ni nani aliyepewa kazi ya kuwakutanisha? Jibu ni hakuna, na ndiyo maana wanakutana kwa bahati, kwa mdogo mtu anayesoma usiku.

Turudi kwenye malaria. Hoja hii inasikika ya kizalendo, lakini ina uvivu ndani yake. Inachukulia kwamba maskini wamepanga foleni moja, na mwenye mkono uliokatwa ajue zamu yake ni baada ya karne mbili. Mbona hatujawahi kusema hivyo kwa moyo wa mheshimiwa? Kwa miaka mingi tumekuwa na fedha za kupeleka watu India. Tumekuwa na fedha za mashangingi. Foleni inaanzia pale tu anapofika mtu mwenye vumbi la mbao kichwani.

Halafu piga hesabu ya kiuchumi kama hisia hazikugusi. Kaka alikuwa analisha watu saba na kunisomesha mimi. Leo ni mlinzi wa usiku, kwa mshahara ambao hauwezi kumsomesha mtu. Taifa limepoteza fundi wa miaka 15 kwa ajili ya kiungo kimoja ambacho angeweza kukipata mguuni mwake mwenyewe. Hahitaji mtu wa kumchangia kiungo, na mwili wake hauwezi kukikataa, kwa sababu ni wake. Kuna tiba gani yenye kujitegemea kuliko hiyo?

Na wale wa "litaonekana vibaya"? Ni kweli, gumba lililotoka mguuni linaonekana tofauti, ingawa madaktari wamejifunza hata kulichonga lifanane. Lakini muulize asiye na gumba kama anataka la kupendeza au la kushikia. Anayeona aibu ni mtazamaji. Aache kutazama.

Nisieleweke vibaya. Kidole bora ni kile ambacho hakikukatika. Tuna sheria ya usalama na afya mahali pa kazi tangu 2003. Ile kinga ya msumeno ingerudishwa mahali pake, leo nisingekuwa naandika. Tuna sheria ya fidia ya wafanyakazi ya mwaka 2008 na mfuko wake ulioanza kazi 2015. Mwajiri anatakiwa kuchangia, na mfanyakazi akiumia anatakiwa kutibiwa na kulipwa. Lakini Kaka hakuwa na mkataba, hakuwa kwenye orodha yoyote. Kwa sheria alikuwepo. Kwa karatasi hakuwahi kuajiriwa. Pita karakana za mitaani, ulizia wangapi wana mkataba, kisha angalia mikono yao. Utahesabu vidole pungufu.

Kwa hiyo nasema nini? Nasema haya.

Kwanza, kila mtu aliyekatwa gumba au vidole aambiwe, kwa Kiswahili, kabla hajatoka hospitali, kwamba upo upasuaji wa kuhamisha kidole cha mguu, na aandikiwe rufaa kwa daktari bingwa. Kumwambia mtu hakuhitaji hadubini.

Pili, kila nchi yetu iwe na angalau kituo kimoja cha umma ambacho kazi hii ni kazi yake ya kila siku. Mikono ya daktari inayoshona mishipa ya milimita 1 inahitaji mazoezi kama ya mpiga kinanda. Akifanya mara moja kwa mwaka hawezi kuwa mzuri.

Tatu, fidia isiishie kugeuza kiungo kuwa asilimia na asilimia kuwa hundi. Kabla ya kumlipa mtu kwa kupoteza kidole, uliza kwanza kama kidole kinaweza kurudi.

Nne, karakana bila kinga ya msumeno ifungwe. Siyo ipewe onyo. Ifungwe.

Tano, sisi waandishi tuache aya mbili chini ya tangazo la magodoro. Mimi naanza na nafsi yangu.

Na la sita ni la wewe, ulibebe leo. Kidole kikikatika, usikitupe, usikizike. Kisuuze taratibu kwa maji safi, kifunge kwenye kitambaa safi kilicholowa kidogo, kitie kwenye mfuko wa plastiki uufunge, kisha mfuko huo uuweke ndani ya chombo chenye barafu na maji. Usikilaze moja kwa moja juu ya barafu, kitaungua. Kipeleke na mgonjwa, mwambie daktari unacho. Kidole hakina nyama nyingi ya msuli, kwa hiyo kinavumilia: kikiwa baridi kinaweza kusubiri masaa 12 na zaidi. Tangu nijue hivi nimewaambia vijana wa ile karakana. Mmoja alikaa chini kwenye vumbi akashika kichwa. Ndiye aliyechimba shimo.

Wiki iliyopita nilimpeleka Kaka kwa daktari bingwa wa upasuaji. Alipoingia, daktari aliutazama mkono, kisha akasema, "Vua kiatu." Ni mara ya kwanza kwa miaka mitatu mtu wa hospitali kumwambia avue kiatu. Akaukagua mguu, akabonyeza hapa na pale, akasema shina la gumba limebaki, kuna pa kushikia, inawezekana. Hakitakuwa kama cha zamani, hakitajikunja vile vile, na kuna kusubiri, na kuna gharama tunazozichangia ukoo mzima.

Kaka hakuuliza kuhusu maumivu. Aliuliza, "Nitaweza kushika randa?"

Daktari akasema, "Utashika."

Tulirudi na daladala. Kaka alikaa dirishani, kiatu cha kulia hakukifunga kamba. Hajawahi kuweza kukifunga tangu ajali, huwa anachomeka kamba ndani. Safari hii niliinama nikamfungia, naye akaniacha.

Mnaobisha, ukumbi ni wenu. Bisheni kwa hoja. Ila mkianza na "shukuru Mungu", nitawaomba kwanza muoneshe magumba yenu.